Bwana Hariri na Presha ya Mlimani

Hariri hakuingia kwenye lile duka la dawa kwa sababu anaumwa. Aliingia kwa sababu mitaa miwili nyuma yake alikuwa anakuja mbio mtu mmoja mnene ambaye yeye Hariri alimuuzia kiwanja wiki iliyopita. Asubuhi hiyo mnunuzi alikwenda kukiangalia kiwanja chake, akakuta watoto wa shule wanakichezea mpira, na mwalimu mkuu akamweleza kwa upole kwamba wamekichezea tangu shule ijengwe.

Jina la Hariri alipewa na wenzake kwa sababu ya ulimi wake, ambao ulikuwa laini kuliko kitambaa chochote. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelijua. Pengine hilo nalo alishaliuza.

Mlangoni mwa duka paliandikwa PIMA PRESHA BURE. Kabla hajapata hata pumzi ya kutunga uongo, dada muuza dawa alishamkalisha kitini na kumfunga mkanda mkononi. Hariri hakuwahi kukataa cha bure, akatulia. Mashine ikavuma, ikapumua, ikatoa namba.

"Kaka! Imepanda sana hii. Unatoka wapi?"

"Mazoezini."

"Na viatu hivyo vya harusi?"

"Yalikuwa mazoezi ya ghafla."

"Basi keti robo saa. Usiongee, usikunje nne, mkono uweke hapa mezani. Nitapima tena."

Hariri aliketi. Kupitia kioo cha dirisha alimwona mwenye kiwanja akipita, anahema kama mivukuto ya mhunzi, akapotelea kwenye kona. Robo saa ilipokwisha dada yule akapima tena, na ile namba ilikuwa imeteremka kama mtu aliyechungulia juu ya ukuta akaona mbwa.

"Umenipa dawa gani?" Hariri akauliza.

"Dawa? Sijakupa kitu. Umepumzika tu, na bado iko juu kidogo, rudi kesho. Mtu akikimbia, akipanda ngazi, akiongea, akining'iniza mkono, hata akibana mkojo, presha inapanda. Ndiyo maana tunamtuliza kwanza. Watu wengi hawajui."

Watu wengi hawajui. Maneno hayo matatu yalimwingia Hariri masikioni kama ngoma ya harusi. Kitu kinachopanda chenyewe na kushuka chenyewe, akawaza, kinachokosekana ni mtu wa kusimama katikati na kudai kwamba amekishusha yeye. Akatoka kwa mlango wa nyuma, na sehemu ya pesa za kile kiwanja akainunulia mashine kama ile ile.

*

Kijiji alichokichagua kilikuwa mwisho wa barabara, pale ambapo hata lami ilikata tamaa. Chini bondeni palikuwa na soko la siku mbili kwa wiki. Katikati ya mteremko palikuwa na mashine ya kusaga nafaka na zahanati ya vyumba viwili. Juu kabisa kileleni, mwisho wa njia ya mawe iliyosimama kama ngazi, palikuwa na ghala la zamani la ushirika ambalo halikuwa na kitu ila popo. Hariri alikodi baraza ya ghala hilo.

"Mbona juu hivyo, daktari?" wakamwuliza. Udaktari alikuwa ameshaupata kwa kuvaa koti jeupe lenye kalamu mbili mfukoni.

"Hewa safi," akajibu. "Mashine hii ni ya kisasa, haipendi vumbi."

Siku ya soko alisimama juu ya kreti la soda akahubiri. Watu wa pale presha walikuwa wanaijua kwa habari tu. Ni ugonjwa wa matajiri, wenye magari na madeni ya benki. Ni ugonjwa wa mawazo. Tena mtu akiwa nayo anajisikia mwenyewe, kichwa kinamgonga. Hariri hakubishana na yeyote. Tapeli mzuri habishani, yeye huafiki.

"Mmesema kweli, wazazi wangu! Na mawazo nani hana? Mwenye ada ya shule hana mawazo? Mwenye mkwe hana mawazo?"

Kicheko kikapita. Wenye wakwe wakaanza kupanda mlima.

Walifika kileleni wakitweta. Hapo hapo, bila hata kuwapa maji, Hariri aliwafunga mkanda huku mkono unaning'inia, na huku akiwauliza habari za nyumbani, za shamba, na hasa za mkwe. Namba zikapaa. Mgonjwa anaonyeshwa, anashika mdomo. Kisha anapewa kikombe cha Teremsha, dawa ya mizizi saba, ambayo kwa kweli ilikuwa maji ya ndimu na sukari iliyounguzwa ili ipate rangi ya heshima.

"Sasa pumzika kwenye benchi robo saa. Usiseme neno. Dawa hii inaogopa kelele."

Robo saa baadaye mkono unalazwa mezani, mashine inavuma, namba imeshuka. Mgonjwa anaona kwa macho yake. Atapinga nini? Anashuka mlima na chupa mbili kwapani, moja yake na moja ya dada yake.

Mmoja tu ndiye aliyemtoa Hariri jasho. Alikuwa Mwenye Mashine, mzee wa kinu cha kusaga, mtu mpana mwenye unga kwenye nyusi, tajiri kwa kipimo cha pale na bahili kwa kipimo chochote. Namba yake ya kwanza ilikuwa mia mbili na kumi na nne. Akanywa Teremsha, akapumzika robo saa, akapimwa. Mia mbili na tisa.

"Inashuka?" mzee akauliza.

"Inajikokota." Hariri akampa kikombe cha pili na robo saa nyingine. Mia mbili na kumi. Watu kwenye benchi wakaanza kutazamana. Hariri alichukua mkono wa mzee, akauinua, akauegemeza juu ya rafu iliyokuwa juu ya kichwa chake, kwa maelezo kwamba damu nzito inahitaji mteremko. Akapima. Mia na hamsini na nane.

"Alhamdu!" akasema mtu kwenye benchi.

Mwenye Mashine aliangalia ile namba kwa furaha ya mtu aliyepunguziwa kodi. "Sista pale zahanati alinipa vidonge mwaka jana, akasema nimeze kila siku mpaka nife. Kila siku! Nikameza wiki tatu, nikajisikia vizuri, nikaanza kuvibania, leo kimoja, kesho nisubiri. Sasa na hivyo vilivyobaki navitupa chooni." Akanunua chupa zote zilizobaki, kwa bei ya jumla.

*

Siku ya soko iliyofuata Sista mwenyewe alipanda mlima. Alikuwa muuguzi wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Kwa miaka sita alikuwa amewaita watu wa mlima ule waje wapimwe presha. Kwa malaria walikuja, kwa kujifungua walikuja, kwa presha waliahidi. Karatasi za maelezo alizobandika sokoni zilisaidia sana kuwashia moto.

Alipanda taratibu kama anayechagua mchele, akipumzika kila kona. Alipofika zamu yake aliketi, akaweka miguu sawa chini, akalaza mkono mezani mwenyewe, akanyamaza.

"Habari za watoto, mama?" Hariri akajaribu.

Sista akatabasamu tu.

"Na mkwe je?"

Kimya. Mashine ikatoa namba nzuri, namba ya mtu mwenye usingizi wa kutosha. Hariri akajua amepatikana. Wa kazi moja hutambuana.

Sista alingoja mpaka wa mwisho ameshuka. "Daktari," akasema, "usikusanye vitu vyako. Sijaja kukushitaki. Siku mbili umepima mikono mingi kuliko mimi miaka sita. Nimekuletea habari."

"Habari gani?"

Sista aliangalia huku na huku, akavuta kiti karibu. "Kuna mradi. Wafadhili. Wanataka presha ya kila mtu mzima wa vijiji vyote vitano vya mlima huu, na wanalipa kwa kichwa. Wageni hao, hawajui bei ya kitu chochote. Lakini mimi miguu yangu mibovu na mdomo wangu mzito. Wewe una vyote viwili."

Hariri akameza mate. "Masharti?"

"Wana masharti ya ajabu. Mtu apumzike kwanza. Mkono mezani. Apimwe mara mbili, na yule ambaye namba yake inabaki juu arudiwe siku nyingine, kisha aje kwangu. Kila kitu kwenye daftari. Na hiyo dawa yako iache. Wakisikia kuna dawa nyingine, wanafuta kijiji kizima."

"Na malipo?"

"Mwisho wa kazi. Nusu kwa nusu."

"Sitini mimi, arobaini wewe. Miguu ni yangu."

Sista alikasirika. Alisimama, akajifunga kitenge upya, akafika mpaka kwenye ngazi. Halafu akaguna, akarudi. "Haya. Sitini."

Hapo ndipo Hariri alipoamini kabisa. Mtu anayekudanganya, alijiambia, hawezi kubishania asilimia.

*

Kwa wiki tano Hariri alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya tangu kuzaliwa, na kwa kuwa hakujua kwamba ni kazi halali, aliifanya vizuri. Alivuka mito akiwa ameweka mashine kichwani. Aliingia mashambani, kwenye matanuri ya matofali, kwenye foleni za maji. Jioni alipeleka daftari kwa Sista, naye Sista alimrekebisha, akamfundisha la kesho.

"Mwanangu, mimi sina presha," babu mmoja alimwambia. "Presha ni ya wenye magari."

"Babu, presha haijawahi kuuliza mtu ana gari. Lete mkono."

Mama mmoja alikataa hata kukaa. "Kichwa hakiniumi, kizunguzungu sina, nalima mpaka jua la utosi. Presha itoke wapi?"

"Mama," akasema Hariri, "mchwa wakila nguzo ya nyumba, nyumba inapiga kelele?"

Mama alifikiri. "Hapana. Siku moja inaanguka tu."

"Basi keti."

Sista aliposikia habari ya mchwa, aliandika pembeni mwa daftari. Yeye kwa miaka sita alikuwa akiwaambia kwamba ugonjwa huu hauna dalili, na watu walikuwa wakimwelewa vizuri kwamba basi hawana ugonjwa.

Kinu cha kusaga Hariri alikikwepa. Sista alimkumbusha mara mbili. Wiki ya tatu akaona aende, kichwa ni kichwa, na kichwa cha tajiri kinahesabiwa sawa na kingine. Alimkuta Mwenye Mashine anamimina mahindi. Mzee alipomwona akafungua mikono kumkaribisha, na debe likamponyoka, mahindi yakatapakaa. Akatazama mkono wake wa kulia kama mali ya mtu mwingine. Alitaka kusema kitu, lakini upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea, na kilichotoka hakikuwa neno.

Mkewe akapiga yowe. Hariri alisimama na mashine yake kwapani. Ulimi ule uliouza uwanja wa shule haukupata hata silabi. Kisha akamshika mzee kiunoni, mkewe upande wa pili, wakamburuta mpaka zahanati.

Sista aliwapokea bila kupaza sauti, akamlaza, akampima. Kabla hajamaliza kutafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa, mdomo wa mzee ulianza kurudi mahali pake, na vidole vikacheza.

"Imepita hii," Sista akasema. "Hili ni onyo la kiharusi. Safari nyingine huenda isibishe hodi. Hospitali utakwenda leo leo, na ukirudi, vidonge."

"Vidonge sitaki," akasema mzee, maneno yakiwa bado mazito. "Nina Teremsha."

Sista akamtazama Hariri. Hariri alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda, na pengine kwa mara ya kwanza tangu utotoni akasema kweli tupu bila kulazimishwa.

"Mzee wangu, ile dawa ni maji ya ndimu na sukari. Siku ile presha yako haikushuka. Niliinua mkono wako tu, namba ikadanganya. Nisamehe."

Mwenye Mashine alimtazama. Kisha akafinya jicho moja kwa ujanja wa mfanyabiashara. "Umepata mteja mwingine," akasema. "Unataka nirudishe zile chupa ukamuuzie yeye kwa bei ya juu. Hunipati."

"Ni maji ya ndimu! Naapa!"

"Ndivyo anavyosema kila mtu ambaye mali yake imepanda bei. Mke wangu, chupa zifungie kabatini."

Hariri alimgeukia Sista, akakuta naye ameinamisha kichwa. Kweli ilikuwa imeshindwa. Ikabidi arudie kazi anayoijua.

"Haya mzee, umeniweza," akanong'ona. "Siri ninayo, nilikuwa nakuficha. Teremsha ni mke. Mumewe ni kidonge cha Sista. Mke bila mume anakaa tu kabatini, hazai. Kidonge kila asubuhi, na kijiko kimoja cha Teremsha juu yake. Ukiruka siku moja, wameachana, na gharama yako yote imepotea."

"Yote?"

"Mpaka chupa ya mwisho."

Uso wa mzee ukabadilika. Kufa alikuwa tayari kubishana nako, lakini hasara aliiheshimu. Alikwenda hospitali siku ile ile, na aliporudi akawa anameza kidonge kila asubuhi mbele ya mkewe kama shahidi. Sista alimwacha na kile kijiko chake cha ndimu, akamwambia tu apunguze chumvi.

*

Daftari lilipojaa, Hariri alipiga koti lake pasi, akashuka zahanati. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa watu kumi na kitu wakisubiri vidonge vya mwezi, kimya, miguu sawa chini, kama alivyowafundisha.

"Sista, wafadhili wanakuja lini?"

Sista alifunga daftari, akaliweka kabatini, akageuza ufunguo. "Hawaji."

"Wameahirisha?"

"Hawakuwahi kuwapo."

Hariri aliketi. "Sista. Umenitapeli."

"Nimekutapeli," Sista akakubali, kama mtu anayesema ameshaosha vyombo. "Na mashine yako inabaki hapa. Watu wameizoea."

"Nitakushitaki!"

"Kashitaki. Utaanzia wapi kusimulia? Kwenye Teremsha?"

Hariri aliyapanga maelezo yake mbele nyuma, na kila alivyoyapanga yalimalizikia yeye kufungwa. Hasira ikaanza kumtoka, na nafasi yake ikaingia heshima ya fundi kwa fundi. "Ulijifunza wapi?"

"Kwako. Ile siku ya kwanza ya soko nilikaa nyuma ya wauza nyanya nikakusikiliza mpaka mwisho." Akauchukua mkanda. "Umepima mlima mzima, mkono wako mwenyewe haujapimwa. Keti."

Hariri akacheka. Mbinu zote za mchezo huu alizijua yeye, nani angemfanyia mchezo? Akaenda kwanza msalani. Akaketi robo saa kwa saa yake mwenyewe. Akaweka miguu sawa, mkono mezani, akanyamaza. Mia na tisini na sita.

"Mkanda mdogo huo," akasema. Sista akaleta mkubwa. Mia na tisini na tano. Mkono mwingine: ile ile. Akadai mashine yake, ambayo anaiamini. Mia na tisini na saba. Akasema atarudi asubuhi, akiwa amelala vizuri. Asubuhi akarudi, na namba ilikuwa inamsubiri pale pale ilipoachwa.

"Lakini Sista," akasema, "mimi sisikii kitu."

Na aliposikia mdomo wake ukitamka hayo, akanyamaza. Sentensi ile alikuwa ameipokea kwenye milango zaidi ya mia tano, na kila mara alikuwa na jibu lake.

Sista alimsukumia bahasha ya vidonge. "Kila siku, hata ukijisikia vizuri. Hasa ukijisikia vizuri. Mwisho wa mwezi upime tena, popote utakapokuwa. Hiyo ndiyo sitini yako."

*

Saa nne asubuhi Hariri alikuwa kando ya barabara, mahali lami inapoanzia, anasubiri gari la kwenda mji mwingine. Hakuwa na mashine, na wiki tano za kazi bila malipo zilikuwa zimekula pesa zake zote ila nauli. Gari moja kubwa jeusi lilikuwa limesimama hapo limetoboka gurudumu, na dereva alikuwa chini yake anapambana na nati. Mwenye gari, mama mmoja aliyevaa bangili mpaka kwenye viwiko, alikuwa amejikalia juu ya sanduku anajipepea.

"Presha yangu leo itaniua," akalalamika kwa yeyote wa kumsikia. "Vidonge vyangu vimeisha juzi, na mjini ni mbali." Jicho lake likatua kwenye bahasha ya Hariri. Akasogea, akasoma maandishi. "Kaka! Si ndivyo hivi hivi ninavyotumia? Niuzie. Taja bei."

Hariri akazitazama bangili. Mtu huyu hakuhitaji hata kudanganywa. Bidhaa ilikuwa halisi, mteja alikuwa mbele yake, kiu ilikuwa ya kweli. Biashara safi kama hiyo haikuwahi kumtokea tangu aingie kazini.

"Taja yoyote," mama akasisitiza, akafungua mkoba.

Vidole vya Hariri vilikwishaanza kutanua mdomo wa bahasha. Vikakaa hapo. Kisha akatoa kidonge kimoja, akakiweka ulimini, akafungua chupa yake ya maji akakisindikiza, na bahasha akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

"Siuzi, mama. Panda pale juu, nyuma ya kinu cha kusaga kuna zahanati, mwulize Sista. Atakupima kwanza. Panda taratibu."

Mama alimwangalia lile koti jeupe na zile kalamu mbili. "Kumbe daktari?"

"Hapana, mama," akasema Hariri. "Mgonjwa."